Riwaya za mapenzi za enzi ya Regency: zilizonikesha na nilizozirudisha mezani

Kitabu cha kwanza nilikinunua kwa sababu ya gauni. Nilikuwa nimetoka Soko la Majengo kuchukua bitana nyeupe na lastiki, mwezi wa sita, wakati upepo wa Dodoma unapokupiga vumbi machoni na baridi magotini kwa pamoja. Njiani kuna mzee anauza vitabu vya mtumba. Huvipanga migongo juu kwenye meza ya mbao iliyotandikwa turubai la bluu, na siku hiyo kimoja kilikuwa kimelala chali pembeni. Kwenye jalada binti kageuza mgongo, kavaa gauni la hariri rangi ya zabibu mbichi, limekatwa chini tu ya matiti likaachiwa lishuke mpaka miguuni bila kugusa kiuno. Mimi ni fundi cherehani. Nashona mashela na nguo za sendofu, mwaka huu ni wa kumi na tisa, na mkato ule naujua kwa vidole: ndio tunaomshonea bibi harusi mwenye mimba ya miezi minne ambaye hataki kamati nzima ijue. Nikatoa elfu mbili, nikaondoka nacho.

Usiku, watoto wamelala, nikakifungua. Hadithi ilikuwa ya London, mwaka 1814. Kufika sura ya tatu lodi kijana amempenda binti, binti naye amempenda lodi, na kilichowazuia wasioane kwa kurasa mia mbili zilizobaki ni kwamba binti alimwona akicheka na mwanamke mwingine bustanini, asimwulize ni nani. Kumbe ni dada yake. Nilikimaliza kwa hasira. Kisha nikakifunga, nikalitazama tena lile gauni chini ya taa, nikaona kitu ambacho sokoni sikukiona. Katikati ya mgongo, kutoka shingoni kushuka, palikuwa na zipu.

Zipu hii tunayoitumia ilikuja kukamilika Marekani mwaka 1913. Binti wa 1814 alifungwa gauni lake kwa kamba za kuvuta, au vifungo, au pini, na mtu mwingine alisimama nyuma yake kumfunga. Aliyetengeneza lile jalada hakujali, na mwandishi aliyekuwa ndani yake hakujali vilevile. Ndipo nikataka kujua kama wapo wanaojali.

Wapo. Tangu siku hiyo nimesoma riwaya ishirini na tatu za aina hii, nyingine za karatasi, nyingine kwenye simu. Kumi na moja nimezirudisha kwa mzee, ambaye hukubali kubadilishana ukimwongezea elfu moja. Tano siziachii hata nikihama mji. Naandika kwa ajili ya msomaji anayependa hadithi ya mapenzi yenye adabu za zamani, mwenye Kiingereza cha shule, na asiye na hela ya kubahatisha. Mimi nilisoma HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, kidato cha tano na sita, na bado kamusi ya TUKI inakaa jirani na mkasi wangu. Lugha isikutishe.

Kwanza jina lenyewe. Mfalme George wa Tatu wa Uingereza aliugua akili mpaka akashindwa kutawala. Tarehe 6 Februari 1811 mwanawe akaapishwa kushika kiti kwa niaba yake, akakishika hivyo mpaka baba alipofariki tarehe 29 Januari 1820. Miaka tisa tu, na hiyo ndiyo Regency. Ndani yake mna vita na Napoleon wa Ufaransa, mna pigano la Waterloo la tarehe 18 Juni 1815, mna madansi ya London na wasichana wanaopelekwa mjini kutafutiwa waume. Wauzaji lakini wanalibandika jina hilo kwenye chochote chenye farasi na sketi ndefu.

Hili limenigharimu. Mwaka jana niliagiza mzigo kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, yuko Dar. Tangazo lake lilisema vitabu kumi vya Regency, hali nzuri, elfu arobaini pamoja na nauli ya basi. Nikaenda kuupokea stendi ya Nzuguni, nikaufungua palepale kwenye benchi. Vinne tu ndivyo vya enzi yenyewe. Kimoja kilikuwa cha London ya 1888, vitatu vya ng'ombe na bastola za Marekani, na katika viwili mabinti walipanda treni kwenda kwa shangazi zao mwaka 1815! Treni ya abiria kati ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa 1830, miaka kumi baada ya enzi hii kwisha. Na katika vile vinne vizuri, kimoja kilikuwa kimenyofoka fungu zima la mwisho, kurasa kumi na sita, kwa hiyo mpaka leo sijui yule mjane alimjibu nini yule kapteni. Nilipompigia muuzaji aliniambia, "Dada, mapenzi ni mapenzi, hata yakiwa ya mwaka gani." Hapana. Nimelipia mwaka ule, nataka mwaka ule.

Tangu hapo sinunui bila kukifungua kitabu mwenyewe. Nasimama pale mezani nasoma kurasa tano, sita, natafuta kitambaa na fedha. Mwandishi anayeijua enzi hii hawezi kwenda mbali bila kuvigusa vyote viwili, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vikiamua nani anaolewa na nani.

Kitambaa nakijua kuliko fedha, kwa hiyo niseme zaidi hapo. Nguo ya mchana ya binti wa wakati ule mara nyingi ilikuwa melimeli nyeupe, pamba nyepesi inayopitisha mwanga, na iliyosifiwa kuliko zote ilitoka Bengal, India. Ni nguo isiyoficha kitu. Haikuwa na mahali pa kuficha mfuko, ndiyo maana utawaona wanatembea na vijikoba vya kamba mkononi. Haikubani kiuno, kwa hiyo ukisoma mjakazi anamkaza bibi yake kamba za kiuno mpaka anakosa pumzi, mwandishi amekosea karne nusu. Huo ni mtindo wa wajukuu zao. Na nguo yote ilishonwa kwa mkono. Cherehani za kuuzwa majumbani zilikuja miaka ya 1850.

Nilitaka kujua hilo maana yake nini mwilini, si kichwani tu. Januari nilichukua mita nne za pamba nyembamba kabisa niliyoipata, nikaweka cherehani pembeni, nikashona gauni moja kwa sindano namba kumi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Uzi niliupitisha kwenye kipande cha mshumaa usinikatikie. Mshono wa ubavuni peke yake ulinichukua jioni nzima, na ulipokuwa umekwisha kidole cha kati kilikuwa na shimo jekundu ambalo tondo ya chuma haikulizuia. Pindo la chini lilikula jioni mbili. Jumla zilikuwa jioni tisa, tena kwa mtu ambaye hii ndiyo kazi yake. Siku ya tisa nilikaa nalo mapajani, likawa jepesi kama halipo, nikaelewa kwa nini katika riwaya nzuri mwanajeshi akimkanyagia binti pindo kwenye dansi na likachanika, binti anakimbilia chumba cha pembeni kulibana kwa pini huku machozi yanamlenga. Mwandishi hovyo analichana gauni kwenye ukurasa wa arobaini, na ukurasa wa arobaini na moja binti anacheza kama kawaida. Nikikuta hivyo nakirudisha mezani palepale.

Fedha sasa. Msomaji wa kwetu ana faida hapa ambayo pengine hata Mwingereza wa leo hana, maana sisi bado tunajua kwamba ndoa ni watu wazima wamekaa chini wakahesabu. Ila hesabu yao iligeuka. Kwetu Ugogo ng'ombe hutoka upande wa mume kwenda kwa baba wa binti. Kwao, kwa watu wa tabaka lile, fedha zilitoka kwa baba wa binti kwenda na binti, na siku ya ndoa fedha na vitu vya mke viligeuka vya mume, isipokuwa kama wazee waliwahi kwa wakili wakaandikishana. Ukishaelewa hivyo, kila neno linabadilika uzito. Kijana mtanashati asiye na kitu akimsogelea binti mwenye pauni elfu ishirini, mama mtu haingilii kwa roho mbaya. Ameona mtu anayekuja kuchukua.

Na kanisa. Mimi ni Mwanglikana, nimekulia Kongwa, nimekaa kwenye benchi tangu mtoto nikisikia majina ya wachumba yakitangazwa Jumapili tatu, padri akiuliza kama yupo mwenye kizuizi. Nilipokutana na jambo hilohilo katika riwaya sikuhitaji kamusi. Sheria ya Uingereza ya 1753 ilidai matangazo hayo, au leseni ya askofu, na mtu wa chini ya miaka 21 hakupata leseni bila ridhaa ya mzazi. Uskoti sheria hiyo haikufika, ndiyo maana wapenzi walikimbiza farasi usiku mpaka Gretna Green, kijiji cha mpakani, wakaoana hapo. Ndoa ya kawaida ilifungwa kanisani kabla ya saa sita mchana. Aliyetaka kuoa jioni, nyumbani, kwa haraka, ilibidi apate leseni maalumu ya Askofu Mkuu wa Canterbury, na hiyo haikuwa ya kila mtu. Waandishi wazuri huzigeuza sheria hizi kuwa mbio na vitisho. Nimesoma sura moja ambayo yote ilikuwa mtu anasubiri Jumapili ya tatu ifike, moyo ukanidunda kama nangoja majibu ya hospitali.

Hicho ndicho ninachokitaka: kizuizi kitoke kwenye dunia yao yenyewe. Deni, urithi, mzazi, umri, vita. Kama wapenzi wangeweza kumaliza tatizo lao kwa kuulizana swali moja, basi hapana riwaya hapo.

Katika zote ishirini na tatu, niliyoipenda kuliko nyingine ni Frederica ya Georgette Heyer, ya 1965. Heyer ndiye aliyeanzisha riwaya za namna hii kama tunavyozijua, alianza nazo 1935. Frederica ana miaka ishirini na nne, wazazi wamekufa, analea wadogo zake, na amewaleta London ili mdogo wake mzuri wa sura apate mume. Yeye mwenyewe hajifikirii. Anamwandikia barua kumwomba msaada ndugu wa mbali, Marquis wa Alverstoke, lodi wa cheo cha juu, mtu wa miaka thelathini na saba, tajiri, aliyechoshwa na kila kitu. Anakubali kwa sababu za kijinga: anataka kuwakera dada zake. Halafu wale watoto wanamteka. Felix, mdogo kabisa, anapenda mitambo, anamlazimisha bwana mkubwa ampeleke kuona mashine. Mbwa wao anafukuza ng'ombe kwenye bustani ya Green Park, watu wanakuja wamefura mlangoni kwa Alverstoke, na Frederica anatangaza kwa uso mkavu kwamba ni mbwa wa Marquis, wa uzao adimu, na Marquis anaudaka uongo huo na kuunyoosha kana kwamba waliupanga.

Kuna sura Felix anang'ang'ania kamba ya puto kubwa, linampeleka angani, anashuka mbali akiwa ameganda kwa baridi, anaugua homa kali. Frederica anakesha naye kwenye nyumba ya shamba, na Alverstoke anakaa hapo. Hamwambii kwamba anampenda. Anamshika mtoto ili dada alale. Mimi mama yetu alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa, nikabaki na wadogo watatu, wa mwisho alikuwa na pumu, na najua kulala ni kitu gani kwa mtu wa namna ile. Niliposoma sura hiyo nilizima taa nikakaa kwanza. Kitabu kizima hakina busu mpaka kurasa za mwisho, na sijaona kilichopungua.

Heyer ana ugumu wake, nisikudanganye. Amejaza misemo ya mitaani ya wakati ule, na magari ya farasi anayataja kwa majina matano tofauti. Usiyatafute yote kwenye kamusi utachoka. Soma kama unavyosikia mtu wa hapa akisema fulani kaja na bajaji, fulani kaja na kosta, fulani kashushwa na V8. Umeshajua nani ni nani kabla hajafungua mdomo. Gari la magurudumu mawili na farasi wawili ni la kijana anayejionyesha. Lile kubwa la wazi ni la familia. Inatosha. Nakala zake nyingi mezani kwa mzee ni za zamani, karatasi imekuwa ya kahawia na herufi ni ndogo, kwa hiyo mwenye miwani aende nayo.

The Grand Sophy yake, ya 1950, nilianza nikicheka kwa sauti mpaka binti yangu akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikafika kwenye sura ya mkopeshaji fedha, Myahudi, aliyechorwa kwa chuki tupu, sura yake, mikono yake, tamaa yake. Nilikiweka chini siku mbili. Nilikimaliza, ila sikumshauri mtu akinunue bila kumwambia hilo.

Kama huna hela kabisa anza na Jane Austen, kwa sababu yeye ni bure. Alifariki tarehe 18 Julai 1817, haki za vitabu vyake zilikwisha zamani, na Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, inavitoa vyote kwa kupakua bila kuiba cha mtu. Kitabu ni maandishi matupu, bando lako hutaona limepungua. Austen aliishi ndani ya enzi yenyewe, na utamwona tofauti mara moja: haelezi nguo. Wasomaji wake walikuwa wamezivaa. Mara ya kwanza hilo lilinikatisha tamaa kama fundi, halafu nikaona badala ya nguo ananipa fedha. Kila mtu akiingia mlangoni unaambiwa ana pauni ngapi kwa mwaka.

Wengi huanza na Pride and Prejudice ya 1813, na si vibaya. Mimi ningekupa Persuasion, iliyotoka mwisho wa 1817 yeye akiwa ameshafariki. Anne Elliot ana miaka ishirini na saba. Alipokuwa na kumi na tisa alichumbiwa na kijana wa jeshi la majini asiye na kitu, Wentworth, na mama mmoja mtu mzima aliyempenda kama mwanawe akamshauri amwache. Akamwacha. Miaka minane baadaye kijana anarudi ni kapteni mwenye pauni elfu ishirini na tano alizozipata kwa kuteka meli za adui, na anakaa meza moja naye akimtazama kama kiti. Shangazi yangu naye alimkataa kijana mmoja kwa niaba yangu, mwaka 2006. Hakumkataa kwa ubaya. Kwa hiyo yule mama sikumchukia, na Austen hataki umchukie.

Kuna mahali Anne amepiga magoti anamhudumia mtoto mgonjwa, na mdogo wake mtoto, wa miaka miwili, anampanda mgongoni, anamng'ang'ania shingoni, hataki kushuka. Ghafla uzito unaondoka. Mtu amemnyanyua yule mtoto kutoka nyuma, kimya, akaibandua mikono yake shingoni, na Anne anageuka kuona ni Wentworth. Hasemi neno. Anaanza kucheza na mtoto kwa kelele ili asishukuriwe. Nimesoma riwaya zenye vitanda vitano na mishumaa hamsini ambazo hazikunifanya niombe maji ya kunywa kama ukurasa ule.

Kuhusu vitanda, maana najua mtauliza. Za siku hizi nyingi zinavyo, na waziwazi. Sina ugomvi navyo wahusika wakiwa wameiva. Wasichana wanaoniletea picha za tamthilia ya Bridgerton kwenye simu ili niwashonee wamenifanya nitafute chanzo chake, The Duke and I ya Julia Quinn, ya mwaka 2000. Kinakwenda mbio, familia yenye ndugu wanane inapendeza kama familia ya jirani, maneno ni mepesi kuliko ya Heyer na anayeanza Kiingereza atafika mwisho. Lakini ipo sura mke anamtumia mume wake akiwa amelewa, bila ridhaa yake, ili apate mtoto, na hadithi inapita juu yake haraka mno. Sikukubali. Angekuwa mwanamume ndiye aliyefanya, tungelilia barabarani.

Nina manung'uniko mawili kwa aina hii yote ya riwaya. Moja ni sukari. Wanakunywa chai kila ukurasa, lodi ana majumba matatu, na mara chache mwandishi anakuambia zilitoka wapi. Uingereza ilikomesha biashara ya watumwa 1807, ila watumwa wenyewe katika makoloni yake walibaki watumwa mpaka sheria ya 1833. Austen mwenyewe hakulikwepa kabisa: katika Mansfield Park baba mwenye nyumba ana mali Antigua, na binti anapouliza kuhusu biashara ya watumwa sebule nzima inakaa kimya. Sisi wa njia ya misafara ya Mpwapwa tunausikia ukimya ule kwa masikio mengine. Mwandishi wa leo ana nafasi ya kusema zaidi ya Austen, na wengi wanasema kidogo kuliko yeye.

La pili ni mwaka 1816. Mlima Tambora, Indonesia, ulilipuka Aprili 1815, na mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi. Mvua na baridi viliharibu mazao, watu walikosa mkate. Sisi Wagogo njaa tunazipa majina, bibi alikuwa akituhadithia Mtunya, ile ya wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kama jana. Nimesoma riwaya tatu zinazosema wazi kwamba ni mwezi wa saba 1816, na zote watu wanakula nje kwenye majani, jua linawaka. Natamani mmoja tu aandike mapenzi ya mwaka ule yakiwa na tope na bei ya unga.

Turudi kwa mzee. Huduma yake naipa alama za juu. Hajui yaliyomo ndani, anasema wazi hivyo, lakini anakumbuka nani alirudisha nini na kwa nini. Wiki iliyopita nimefika, "Shikamoo baba," naye, "Marahaba mwanangu. Wale wazungu wako wa farasi nimekutengea, ila huyu aliyerudisha kasema mwisho wake mbaya." Anakuacha usimame usome hata nusu saa. Hafichi ubovu: kitabu kilichopungua kurasa anakifunga kwa mpira mwekundu na anakitoa kwa mia tano. Vyembamba ni elfu mbili, vinene elfu tatu mpaka tano kutegemea jalada, ingawa jalada, kama nilivyosema, usilitegemee. Upungufu wake ni vumbi, na mpangilio: mapenzi, sheria, Biblia na kemia vyote viko safu moja, itabidi uiname. Mvua ikionekana Ilazo anakunja kila kitu.

Yupo Jumatatu mpaka Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Jumapili haji. Juzi nimeona amebakiwa na Frederica mbili. Ile yenye jalada la kijani haina ukurasa wa kwanza, chukua hiyo nyingine.